Je, Wajua? Robo Gramu ya Mwaka Mzima

Mnunuzi wa dhahabu pale Nyarugusu au Katoro hasemi bei kabla mizani haijatulia. Upepo wa feni huipotosha, hata pumzi ya mtu aliyeinama karibu huipotosha, na kwa mchimbaji mdogo aliyetoka duarani, yaani shimoni, baada ya wiki kadhaa, kipande cha gramu ni ada ya shule ya mtoto. Sasa chukua mizani hiyohiyo uipimie insulini tupu, bila maji wala dawa ya kuihifadhi, ya mgonjwa wa kisukari anayejichoma uniti 20 kila siku. Miligramu moja ya insulini ina uniti 28 na kidogo. Piga hesabu ya siku 365: inakuja robo gramu. Robo gramu kwa mwaka mzima, na ndiyo hiyo ambayo wapo wagonjwa wanaoiogopa kuliko ugonjwa wenyewe.

Nimeyakusanya haya kwa ajili ya yule aliyekaa na vidonge miaka minane, kumi, kumi na mitano, na sasa daktari anamwambia aanze sindano.

Je, wajua kwamba sukari yote iliyomo katika damu yako inaenea kwenye kijiko kimoja cha chai?

Mtu mzima ana damu kama lita 5, na akiwa mzima wa afya na hajala, kila lita ina karibu gramu moja ya sukari. Jumla gramu 5. Soda ya chupa moja ina zaidi ya gramu 30. Ugali wa udaga, matobolwa, wali, chapati ya asubuhi, vyote vikimeng'enywa vinaingia kwenye damu vikiwa sukari, mara nyingi kwa kiasi kinachozidi hicho kijiko kimoja mara kumi na zaidi. Kinachofanya damu isigeuke sharubati ni insulini, inayofungua njia ili sukari iingie kwenye misuli na kuhifadhiwa. Ikipungua, sukari inabaki njiani. Mashine ya kupimia kidoleni ina mwisho wake pia: kwa nyingi, sukari ikipita milimoli 33.3 kwa lita haionyeshi tena namba, inaandika HI, yaani iko juu mno. Ukiiona hiyo, usisubiri kesho. Nenda hospitali usiku huohuo.

Je, wajua kwamba neno insulini limetokana na kisiwa?

Mwaka 1869 mwanafunzi wa udaktari huko Berlin, Paul Langerhans, akiwa na umri wa miaka 21, aliangalia kongosho kwa hadubini akaona vishada vidogo vya chembe visivyofanana na nyama iliyovizunguka. Hakujua kazi yake. Baadaye vikaitwa visiwa vya Langerhans, na dutu inayotoka humo ikapewa jina kutokana na neno la Kilatini insula, kisiwa. Mtu wa Nkome au Chato anayeamka akiviona visiwa vya Ziwa Victoria anaweza kuipata picha upesi: maji mengi, nchi kavu kidogo hapa na pale. Vipo kama milioni moja katika kongosho moja, lakini ukivikusanya vyote uzito wake ni gramu moja au mbili tu katika kiungo chenye gramu 80 hadi 100. Mchimbaji wa Mgusu hashangai. Anajua mwamba mkubwa unaweza kubeba madini kidogo, na kwamba madini hayo yakiisha, mwamba wote unabaki palepale ukionekana vilevile kwa nje.

Hapo ndipo penye jibu la swali linaloulizwa kila siku ya kliniki: mbona vidonge vilikuwa vinanifaa, sasa vimekataa?

Mwaka 1998 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa wa Uingereza uliojulikana kwa kifupi kama UKPDS, uliowafuatilia maelfu ya watu wenye kisukari cha aina ya pili kwa miaka mingi. Ulionyesha kwamba siku mtu anapogundulika, tayari uwezo wa kongosho lake kutoa insulini umeshuka hadi karibu nusu, na unaendelea kushuka mwaka hadi mwaka, awe anatumia dawa hii au ile. Baada ya miaka 3, nusu ya wagonjwa hawakuweza tena kudhibiti sukari kwa dawa ya aina moja. Baada ya miaka 9 ni robo tu waliobaki wakiweza. Hao walikuwa watu wenye kliniki karibu, dawa za uhakika na vipimo vya mara kwa mara. Kwa hiyo mzee wa Kahama aliyemeza vidonge kwa uaminifu miaka kumi kisha sukari ikapanda hajakosea kitu. Hakuzidisha wali, hakurogwa, wala dawa yake haikuwa feki. Visiwa vimepungua.

Vidonge vyenyewe havifanani. Metformini haiongezi insulini. Kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage sukari ovyo kwenye damu. Asili yake ni mmea wa Ulaya uitwao kwa Kilatini Galega officinalis, na daktari wa Kifaransa Jean Sterne ndiye aliyeripoti mwaka 1957 kuitumia kwa wagonjwa. Nayataja haya makusudi, kwa kuwa Usukumani dawa ya mizizi ina heshima yake. Tofauti ya metformini na chupa ya sokoni ni kwamba metformini imepimwa: inajulikana kipo kiasi gani ndani ya kidonge, na inajulikana ni nani asipewe, kama vile mtu ambaye figo zake zimechoka sana.

Glibenklamidi, ambayo wengi wanaiita gliben, inafanya kazi nyingine kabisa. Yenyewe inalikamua kongosho litoe insulini iliyobaki. Kundi hilo la dawa lilianzia kwenye ajali: mwaka 1942 huko Montpellier, Ufaransa, Marcel Janbon alikuwa akijaribu dawa ya homa ya matumbo, akaona wagonjwa wake wanazirai kwa sukari kushuka. Msukuma aliyelima kwa plau ataelewa kinachotokea baada ya miaka. Ng'ombe mwenye nguvu ukimwonyesha fimbo anaongeza mwendo. Ng'ombe aliyechoka ukimchapa anaongeza hatua tatu, anasimama. Ukiongeza fimbo hulimi zaidi. Na kwa aliyefikisha miaka 60, Shirika la Afya Duniani linasema glibenklamidi haifai, kwa sababu inakaa mwilini muda mrefu na inaweza kumshusha sukari usiku akiwa amelala. Kama baba au mama yako ana umri huo na bado anaimeza, muulize daktari kama kuna nyingine ya kundi hilo iliyo salama zaidi. Usimwachishe mwenyewe.

Je, wajua kwamba kongosho linaweza kupumzishwa?

Shinyanga ina neno ambalo dunia ya mazingira imejifunza: ngitili. Ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi zipone, lifunguliwe kiangazi kikikaza. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliurudisha utaratibu huo wa wazee na ardhi iliyokuwa jangwa ikaota miti. Mwaka 2008 madaktari wa China walichapisha jaribio linalofanana na hilo kwa namna yake. Watu waliogundulika kisukari karibuni walipewa insulini kwa muda mfupi tu, wengine vidonge, kisha wote wakaachishwa dawa. Mwaka mmoja baadaye, karibu nusu ya waliopewa insulini walikuwa bado na sukari nzuri bila dawa yoyote. Kwa waliopewa vidonge ilikuwa kama robo. Mwenye ugonjwa wa miaka kumi na mitano hawezi kutarajia hivyo, maana ngitili iliyoliwa hadi mizizi hairudi kirahisi. Ila jaribio hilo linaonyesha insulini inavyofanya kazi: inabeba mzigo ambao kongosho lilikuwa linaubeba peke yake.

Kuna jambo la karibu na nyumbani zaidi. Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kituo cha Mwanza, pamoja na wenzao wa nje, walichapisha mwaka 2021 uchunguzi wa watu wazima wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Waliona kwamba hapa kwetu, kongosho kutoa insulini pungufu lina uzito mkubwa katika kisukari. Vitabu vingi vya Ulaya na Marekani vimezoea kueleza mgonjwa mnene ambaye insulini anayo ila mwili wake unaikataa. Lakini baadhi ya wanaopanga foleni kliniki za Kanda ya Ziwa si wanene hata kidogo. Kwa mtu mwembamba ambaye visiwa vyake vilikuwa vichache tangu mwanzo, safari ya kutoka kidonge hadi sindano inaweza kuwa fupi, na daktari anayemwambia mapema anamtendea haki.

Sasa niiseme ile hofu yenyewe. Mazungumzo huwa ya namna hii:

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mwanangu."

"Mhola?"

"Mhola duhu. Ila hii sukari."

"Baba, leo imesoma 19, na mwezi uliopita 17. Daktari anashauri tuanze insulini."

"Hapana, mwanangu. Niongezee vidonge. Jirani yangu walimwanzishia sindano mwezi wa tatu, mwezi wa tano wakamkata mguu."

Mzee hasemi uongo. Jirani alianzishiwa sindano, na mguu ulikatwa. Kilichokosekana kwenye simulizi ni miaka sita ya kabla ya mwezi wa tatu, wakati sukari ikiwa 17, 18, 20, mishipa ya miguu na macho ikiharibika kimyakimya, na kila mara jibu likiwa "niongezee vidonge". Insulini ilifika mwisho, kwa hiyo ndiyo iliyokutwa eneo la tukio. Ndivyo ilivyozaliwa imani kwamba insulini inapofusha, inaozesha miguu, inaua figo. Na kuchelewa huku hakuko Tanzania peke yake: uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 80,000 wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha watu wakikaa zaidi ya miaka 6 na sukari ya juu kabla ya kuanzishiwa insulini, wakiwa na hospitali kila mtaa. Madaktari nao huahirisha. Mgonjwa akikataa mara moja, daktari mwenye foleni ya watu sitini anaandika vidonge vilevile, na miezi mitatu mingine inapita.

Kuna upande mmoja wa kweli katika suala la macho, na si vizuri kuuficha. Sukari iliyokuwa juu sana kwa miaka ikishushwa ghafla, macho ambayo tayari yameathirika yanaweza kusumbua zaidi kwa muda. Ndiyo maana macho yapimwe kabla au mapema baada ya kuanza, na sukari ishushwe taratibu. Mara nyingi dozi ya kuanzia ni uniti 10 wakati wa kulala, ikiongezwa kidogokidogo kwa kufuata vipimo, huku metformini ikiendelea kama figo zinaruhusu.

Je, wajua kwa nini hakuna insulini ya kumeza?

Insulini ni protini. Tumbo likiipata linaifanya kama linavyofanya sangara au nyama ya mbuzi: linaimeng'enya. Kwa hiyo inapita chini ya ngozi, tumboni au pajani, kwa sindano nyembamba isiyokaribia ile ya matako tuliyoiogopa utotoni. Ubadilishe mahali kila siku. Ukichoma sehemu moja tu, ngozi inafanya uvimbe mgumu na dawa inanyonywa vibaya.

Wagonjwa wa kwanza hawakuwa na unafuu huo. Walichemsha mabomba ya kioo na kuzinoa sindano zao kwa jiwe. Na kabla yao hakukuwa na kitu kabisa. Mtoto wa kwanza kuchomwa insulini, Leonard Thompson wa Toronto, Kanada, alikuwa na miaka 14, na alipata sindano yake tarehe 11 Januari 1922. Dawa ilikuwa chafu, ikamletea jipu. James Collip akakesha maabara akiisafisha, na tarehe 23 Januari wakamchoma tena. Sukari ikashuka, kijana akarudi kwenye uhai. Frederick Banting, aliyeanzisha kazi hiyo pamoja na Charles Best katika maabara ya J.J.R. Macleod, alikataa jina lake liwekwe kwenye hataza. Wenzake wakaiuza kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja. Siku ya kuzaliwa ya Banting, 14 Novemba, ndiyo Siku ya Kisukari Duniani.

Mfugaji wa Kishapu apendaye ng'ombe wake atapenda kujua hili: kwa miaka sitini hivi, karibu insulini yote duniani ilitoka kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe wa machinjioni. Ilihitajika zaidi ya tani mbili za viungo vya nguruwe kupata insulini isiyofika robo kilo. Vita vilipoikatiza insulini huko Shanghai mwaka 1941, mkimbizi mmoja mwenye kisukari, Eva Saxl, na mumewe waliitengeneza wenyewe kutoka kongosho za nyati wa maji, wakawapa na wengine. Mwaka 1978 wanasayansi wa Marekani walifanikiwa kuwapa bakteria maelekezo ya kuitengeneza insulini ya binadamu, na mwaka 1982 ikaidhinishwa. Iliyomo kwenye kichupa cha hospitali leo, mara nyingi ile ya mchanganyiko ya 70 kwa 30 yenye rangi ya maziwa, haitoki kwa mnyama yeyote. Ile ya mchanganyiko uibingirishe viganjani taratibu kabla ya kuvuta, mpaka iwe sawa yote.

Jambo linalofuata linahusu ukanda huu wa dhahabu kuliko mahali pengi.

Je, wajua kwamba kifua kikuu kinaweza kumhamisha mtu kutoka vidonge kwenda insulini hata kama kongosho lake bado lingeweza?

Vumbi la mwamba linalotoka kwenye karasha na chini ya duara linaumiza mapafu, na mapafu yaliyoumizwa na vumbi hilo hupata kifua kikuu kirahisi. Kisukari nacho kinaongeza hatari hiyo kama mara tatu. Utafiti uliofanyika Mwanza na kuchapishwa mwaka 2011 uliwapima wagonjwa wa kifua kikuu na majirani zao wasio nacho: asilimia 16.7 ya wagonjwa walikuwa na kisukari, majirani asilimia 9.4. Sasa mchimbaji mwenye kisukari akianza dozi ya kifua kikuu, mojawapo ya dawa zake ni rifampisini, ile inayogeuza mkojo kuwa mwekundu wa chungwa. Rifampisini inalichochea ini livunje dawa nyingine haraka, gliben ikiwa mojawapo. Anameza kidonge kilekile, lakini kinachofika kwenye damu ni kidogo. Wakati huohuo homa na maambukizi vinapandisha sukari. Ndiyo sababu madaktari wengi humweka mtu huyo kwenye insulini kwa miezi sita ya tiba, na akipona baadhi hurudi kwenye vidonge.

Hapo ndipo nataka msomaji asimame kidogo. Insulini haiwi ya maisha kwa kila mtu. Mjamzito, anayeandaliwa upasuaji, mwenye kidonda kikubwa kilichoambukizwa, wote wanaweza kuihitaji kwa kipindi. Wapo hata watu wazima wa asili ya Afrika wanaofika hospitali hoi, sukari juu kabisa na damu imejaa asidi, wakapewa insulini, na baada ya miezi wakaweza kuiacha; hali hiyo imeelezwa kwa Wamarekani weusi na kwa Waafrika waishio Paris. Kwa mwenye kisukari cha miaka mingi, hata hivyo, mara nyingi itabaki, na ni vema aambiwe hivyo tangu mwanzo.

Jambo dogo kuhusu vipimo. Kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu kinategemea chembe nyekundu za damu kuishi siku zake 120. Kanda ya Ziwa ina selimundu nyingi na malaria nyingi, na vyote viwili hufupisha maisha ya chembe hizo. Kipimo kinaweza kusoma chini kuliko ukweli. Kwa hiyo vipimo vya kidoleni vilivyoandikwa kwenye daftari, asubuhi kabla ya kula na saa mbili baada ya kula, vina thamani yake pale Geita hata kama kile cha maabara kimetoka kizuri.

Je, wajua kwamba mtungi wa maji unaweza kuwa friji?

"Sina friji" ni sababu ya pili ya watu kukataa insulini, na ni sababu ya haki. Kichupa ambacho hakijafunguliwa kinatakiwa kikae kati ya nyuzi joto 2 na 8, kwa hiyo kichukuliwe kimojakimoja, akiba ibaki kituo cha afya kama wanakubali. Lakini kilichofunguliwa hakihitaji baridi hiyo. Mwaka 2016 watafiti walivijaribu vyungu vya udongo vya nchi kadhaa za Afrika na Asia wakaona vinashusha joto vizuri, maana maji yanapotoka kwenye vinyweleo vya udongo yanaondoka na joto. Halafu madaktari wa MSF na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto ndani ya nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya, ambako lilikuwa likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, wakaiweka insulini kwenye hali hiyohiyo kwa wiki nne. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha nguvu yake haikupungua kwa kiasi cha kuogopesha. Ilipotea asilimia moja tu au chini ya hapo. Shinyanga ya Oktoba ni kali, lakini haiishindi Dagahaley.

Kwa hiyo: kichupa ndani ya mfuko mkavu wa plastiki, mfuko ndani ya chungu kilichowekwa kwenye chungu kikubwa chenye mchanga mbichi, mahali penye kivuli na hewa. Maji yasiingie. Usikiache juu ya bati, wala kwenye boksi la bodaboda, wala karibu na barafu ya friji la dukani, kwa sababu insulini iliyoganda imekufa hata ikiyeyuka. Andika tarehe ya kukifungua. Kichupa cha mililita 10 kina uniti 1,000; anayetumia 20 kwa siku angekimaliza siku ya 50, na wiki nne zinafika kabla. Kutupa dawa uliyoinunua kwa shida kunauma. Muulize mfamasia kama kuna ujazo mdogo.

Na kule chini ya duara? Insulini ya mchanganyiko ina masharti ya muda. Ukichoma asubuhi lazima ule, na katikati ya mchana lazima pawe na chakula, kwa sababu sehemu ya dawa bado inafanya kazi. Mchimbaji anayeshuka saa moja asubuhi kwa chai ya rangi tu, akitegemea kula akipanda saa tisa, anaweza kuanza kutetemeka, kutoka jasho la baridi, kuchanganyikiwa na hatimaye kuanguka akiwa chini ambako hakuna wa kumwona. Wenzake wanaweza kudhani amelewa. Abebe vijiko vitatu vya sukari kwenye karatasi, au pipi, au soda ambayo nusu yake inatosha kumwinua, kisha ale. Amwambie angalau mwenzake mmoja wa zamu. Na amwambie daktari kazi yake halisi na saa zake, ili dozi ipangwe kwa maisha anayoishi. Wengi huficha kwa sababu wanaogopa kuondolewa kwenye kundi. Wengine huficha kwa sababu wamekonda, na kambini mtu akikonda minong'ono inajulikana inakwenda wapi. Insulini huwa inarudisha kilo kadhaa, na hilo peke yake limewapa baadhi ya watu amani.

Miguu nayo. Mwenye kisukari cha muda mrefu hupoteza hisia kwenye nyayo. Mwaka 2005 Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam waliandika kuhusu wagonjwa walioamka asubuhi wakakuta panya wameng'ata vidole vyao usiku bila wao kusikia chochote. Anayesimama kutwa kwenye matope ya mwalo akiosha mchanga anaweza kukanyaga kipande cha chuma akakigundua jioni kwa kuona damu. Buti, na kukagua nyayo kila usiku kwa tochi ya simu.

Mwisho, tujiulize kwa nini suala hili linasikika sana sasa, wakati babu zetu hawakulijua. Uchunguzi wa vijijini Tanzania ulioongozwa na Profesa Donald McLarty na kuchapishwa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa chini ya mtu mmoja katika kila mia. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, mwaka uleule Geita ilipokuwa mkoa, ulikuta watu 9 katika mia moja wa umri wa miaka 25 hadi 64. Njia za kupima na umri vilitofautiana, lakini ongezeko linaonekana. Walioanza vidonge wakati ule sasa wametimiza miaka kumi na zaidi. Hao ndio wanaofika kwenye dirisha la insulini, wengi kwa pamoja, Shinyanga, Kahama, Geita na Bugando.

Kama mmoja wao ni wa nyumbani kwako na amekataa sindano, usimgombeze. Siku ya kliniki nenda naye, ingia naye chumbani, omba mwonyeshwe wote wawili jinsi ya kuvuta dawa na kuchoma, na muulize daktari: tutajuaje imeshuka mno, na tufanye nini? Beba dawa zake zote katika mfuko mmoja, na zile za mizizi zimo.